Mamangu anaanza mionzi, nimpe dawa za uvimbe zimlinde utumbo?

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Lamu, mtaa wa Langoni, nimelifupisha kidogo: "Daktari asalaam aleikum. Mamangu ana miaka 58, amepatikana na kansa ya mlango wa kizazi na Jumatatu ijayo anaanza mionzi Mombasa, ameambiwa mara 25 na kemo kila wiki. Jirani yetu alipitia hayo hayo akaharisha mpaka akalazwa. Kuna mtu ameniambia utumbo ukipigwa mionzi unavimba, kwa hivo nimuanzishie mapema dawa za kupunguza uvimbe, diklofenaki ama ile sulfasalazini, zimlinde. Diklofenaki tayari anameza sababu ya magoti, na ana vidonge vya presha. Niendelee nazo? Nimuongezee?"

Waalaikum salaam mwanangu, pole kwa mama na pole kwako wewe unayekimbia huku na huku. Kwanza niseme mimi ni mfamasia, si daktari wa kansa, hapa Malindi watu huniita daktari hata nikikataa. Nitakujibu kama mtu wa dawa, na mwenye neno la mwisho ni yule daktari wa mionzi anayemsimamia mama.

Jibu lenyewe kabla sijaanza maneno mengi: diklofenaki usimuongezee, na ile anayomeza aiweke chini leo hii, usingoje Jumatatu, halafu mkifika Mombasa mwambieni daktari kwamba alikuwa anaitumia na tangu lini. Sulfasalazini usiinunue kwa kusikia. Sasa nieleze kwa nini, maana najua usipoelewa sababu utarudi nyumbani, mtu akupigie simu akwambie vingine, na mambo yaanze upya.

Tatizo la kwanza ni hili neno letu "uvimbe". Mtu akipigwa teke mguu ukafura tunasema uvimbe, na mtu akiwa na kansa tumboni pia tunasema ana uvimbe. Kwa hivo "dawa ya kupunguza uvimbe" inasikika kama dawa inayofanya kazi zote mbili, mtu anaona si nimpe tu, itapunguza huku na itapunguza kule. Sivyo. Kansa ni jambo lingine kabisa. Kile wenzetu wa hospitali wanachokiita mchochota ni mwili kuitikia jeraha, yaani panakuwa pekundu, moto, panafura, panauma. Hizi dawa zinatuliza huo mchochota, hazigusi uvimbe wa kansa. Na hata huo mchochota wa utumbo wakati wa mionzi si wa kutulizwa na kila dawa unayoiona kwenye rafu.

Chukua nyumba ya makuti. Paa la makuti linakaa sawa kwa sababu kila kuti likioza kuna mtu kasuka jingine na kulipandisha. Sasa wewe usiguse paa, nenda tu ukawafukuze wasukaji. Siku ya kwanza hakuna atakayejua, paa liko vilevile. Baada ya muda makuti ya zamani yanaanguka moja moja, hakuna mapya, mvua inaingia ndani. Utumbo mwembamba uko hivo hivo, ile ngozi yake ya ndani hubadilishwa yote kila siku 3 hadi 5, na wasukaji ni seli mama zilizojificha kwenye vishimo vidogo chini. Mionzi inaua zaidi seli zinazogawanyika, ndo maana inaua kansa, lakini na hawa wasukaji wanagawanyika usiku na mchana, kwa hivo wanaumia. Mama wiki ya kwanza anaweza kukwambia "mbona mimi sioni kitu, watu walinitisha bure", usishangilie mapema. Kawaida kuharisha kunaanza wiki ya pili au ya tatu. Na mionzi ikiisha wasukaji waliobaki wanarudi kazini, kwa watu wengi tumbo linatulia baada ya wiki kadhaa.

Kwa hivo kuharisha kule hakuletwi na mchochota peke yake. Ngozi imekonda, maji hayanyonywi, maziwa hayasagwi kwa sababu kile kimeng'enya cha maziwa kinakaa juu kabisa kwenye zile ncha zilizoanguka, na nyongo ambayo ilikuwa inyonywe mwisho wa utumbo mwembamba inateremka mpaka utumbo mpana na kuuchokoza. Ukiniletea kidonge kinachotuliza mchochota tu, umefuta maji sakafuni na paa bado linavuja.

Lakini usidhani aliyekwambia ameota tu, wazo hili ni la zamani na lilikuwa na akili ndani yake. Mwaka 1975 watafiti wa Uingereza waliwapa aspirini kikundi kidogo cha kina mama waliokuwa wanapigwa mionzi kwa kansa ya mfuko wa uzazi, wakaona kuharisha kumepungua. Mawazo yao yalikuwa kwamba mionzi inafanya mwili umwage kemikali zinazoitwa prostaglandini, zinazosukuma tumbo liendeshe, na aspirini inazizuia. Sawa. Shida ni kwamba hizo hizo prostaglandini ndizo zinazolinda ngozi ya tumbo na utumbo, ndo maana mtu akimeza Brufen miezi mingi anapata vidonda vya tumbo. Na miaka ya 1990 kuna waliopima kwa panya waliopigwa mionzi, wale waliopewa indomethasini, ambayo ni ndugu wa diklofenaki, seli mama zao zilizopona zilikuwa chache kuliko za wasiopewa. Umeona hapo? Unampa dawa ukidhani unamlinda msukaji makuti, kumbe umemnyang'anya kofia kwenye jua. Panya si binadamu, nakubali, lakini hadi leo diklofenaki, ibuprofeni na wenzao si dawa za kulinda utumbo wa mtu anayepigwa mionzi, mgonjwa hapewi kwa kazi hiyo.

Hayo ya utumbo ni nusu ya maneno. Kinachonifanya nikwambie leo hii na si Jumatatu ni figo.

Ile kemo ya kila wiki anayopewa mtu mwenye kansa ya mlango wa kizazi pamoja na mionzi, mara nyingi huwa ni sisplatini. Uliza jina, waandike kwenye karatasi. Sisplatini ni dawa nzuri lakini inajulikana kwa kuumiza figo, ndo maana siku ya kemo utaona anatundikiwa dripu nyingi za maji ya chumvi, wale manesi hawafanyi mapambo, wanaosha figo. Diklofenaki nayo ina mchezo wake, inabana ule mshipa mdogo unaoingiza damu ndani ya figo. Mtu mwenye afya na maji ya kutosha mwilini haoni kitu. Sasa chukua mama wa miaka 58, ana sisplatini mwilini, wiki ya tatu anaharisha mara saba kwa siku, hali chakula vizuri, maji yamemkauka, na juu yake ana vidonge vya presha. Vidonge vingi vya presha vinavyotolewa huku kwetu ni enalapri au losatani pamoja na ile ya kukojoza, haidroklorothiazaidi. Hizo mbili zikikutana na diklofenaki ndani ya mtu aliyekauka, figo zinaweza kusimama hata bila kemo. Weka na kemo. Na kama kuna msomaji mwingine hapa ambaye mgonjwa wake anatumia ARV zenye tenofovia, maneno ni yale yale na zaidi, tenofovia nayo inaweza kuumiza figo.

Figo zikipanda, yaani kile kipimo cha damu cha figo, kreatinini, kikipanda, daktari atasimamisha kemo wiki hiyo. Umeona hasara inavyozunguka, ulitaka kulinda utumbo umekosesha matibabu.

Nina sababu ya kulisema hili kwa ukali. Zamani nikiwa kijana kwenye duka moja la dawa, sitalitaja, alikuja mzee mmoja mvuvi, kiuno kinamuuma, nikampa diklofenaki ya siku kumi na sikumuuliza hata swali moja. Sikumuuliza unatumia dawa gani nyingine, unatibiwa nini, unakojoa vipi. Kumbe alikuwa katikati ya matibabu ya kansa na tumbo linamuendesha, alirudi mwanawe akiniambia mzee amelazwa, hakojoi. Alipona alhamdulillahi, figo zilirudi, lakini kemo yake ilicheleweshwa na mimi nilikuwa nampita pale sokoni nikiinamisha kichwa. Tangu hapo mtu akitaka dawa ya maumivu kwangu ataulizwa mpaka akasirike.

Sasa sulfasalazini. Hii ina hadithi ndefu kidogo na inastahili.

Hii si ya familia ya diklofenaki ingawa zote zinaitwa za mchochota. Ilianza Sweden mwishoni mwa miaka ya 1930, daktari mmoja mwanamke, Nanna Svartz, alikuwa anatafuta dawa ya viungo, akaunganisha dawa ya salfa na binamu wa aspirini kwenye kidonge kimoja, baadaye ikaonekana inawasaidia sana wenye vidonda vya utumbo mpana. Inavyofanya kazi, inapita tumboni karibu nzima, ikifika utumbo mpana bakteria wanaikata vipande viwili, kimoja kinatuliza mchochota pale pale, kingine cha salfa kinanyonywa, na hicho cha salfa ndo kinaleta udhia mwingi. Basi watu wakasema, kama inatuliza utumbo uliovimba wenyewe, si itatuliza na uliovimba kwa mionzi.

Wakaanza kujaribu ndugu zake kwanza. Olsalazini ilijaribiwa Marekani, matokeo yalitoka 1996, ilibidi wasimamishe utafiti baada ya wagonjwa 58 tu kwa sababu waliopewa dawa waliharisha zaidi ya waliopewa kidonge kitupu kisicho na dawa ndani. Mesalazini nayo haikusaidia kuzuia. Hizi mbili miongozo ya kimataifa inasema wazi, usimpe mtu anayepigwa mionzi ya nyonga ukidhani unazuia kuharisha. Halafu sulfasalazini yenyewe ikajaribiwa Uturuki mwanzoni mwa miaka ya 2000, wagonjwa hawakuwa wengi, lakini waliopewa walipata shida kidogo kuliko wasiopewa. Kwa hayo, jopo la kimataifa linaloitwa MASCC/ISOO kwenye mwongozo wake wa 2014 likaipendekeza, miligramu 500 mara mbili kwa siku. Nadhani huyo aliyekwambia amelipata hapo, na hakukosea kusoma, amekosea kuishia hapo. Kwa sababu 2016 Marekani wakatoa majibu ya utafiti mwingine, safari hii gramu 1 mara mbili kwa siku, wagonjwa 87, nusu dawa nusu kidonge kitupu, mgonjwa hajui na daktari hajui. Haikuzuia kuharisha. Na kulikuwa na dalili kwamba waliomeza dawa walikuwa vibaya zaidi.

Utasema pengine ni ile dozi kubwa. Pengine. Lakini mimi nikikaa na karatasi hizi mbili mbele yangu, na mamako mbele yangu, siwezi kumpa. Dawa ambayo utafiti mmoja unasema inasaidia na mwingine, ulio mkali zaidi, unasema haisaidii na huenda inadhuru, hiyo si ya kununuliwa kwa hofu. Daktari wake akiona ana sababu yake atampa na atampima damu, hilo ni lake.

Na kuna jambo la kwetu Pwani ambalo Wamarekani hawana haja ya kulihangaikia sana. Sulfasalazini ina salfa ndani. Kwanza, kama mama aliwahi kumeza Septrin au zile Fansidar za malaria za zamani akatoka malengelenge au akavimba midomo, basi hii ni marufuku kwake kabisa. Pili, kuna watu wamezaliwa na upungufu wa kitu kinaitwa G6PD kwenye chembe nyekundu za damu. Sehemu za malaria kama Pwani yetu upungufu huu si wa kutafuta kwa taa, watafiti wa Kilifi wameuandika sana, na mwenye nao akimeza dawa kama hii damu inaweza kupasuka, anageuka manjano, mkojo unakuwa kama kahawa chungu. Wengi hawajui kama wanao. Mtu wa kansa ambaye damu yake tayari iko chini kwa kutokwa na damu miezi na miezi, ukamvunjia na hiyo iliyobaki, umefanya nini?

Zingine nizipitie haraka. Sukralfeti ya kunywa, ile inayofunika vidonda vya tumbo, ilijaribiwa, haizuii na wengine iliwachafua tumbo. Misoprosto ya kuweka njia ya haja kubwa ilionekana nzuri kwenye utafiti mdogo, kwenye mkubwa haikusaidia na ikaongeza kutokwa na damu. Bakteria wazuri, wale aina ya laktobasila, hao wana ushahidi kidogo wa kupunguza kuharisha na jopo lile lile liliwapendekeza, ila chembe nyeupe za damu zikiwa chini sana muulize daktari kwanza. Steroidi za kuingiza kwa njia ya haja kubwa ni za daktari, si za dukani.

Utaniuliza, sasa baba, vyote umekataa, nini basi kinalinda? Hapa ndo watu hawapendi jibu langu kwa sababu halina chupa wala kisanduku. Kinacholinda utumbo zaidi ni kuutoa kwenye njia ya mionzi. Utumbo mwembamba si kitu kilichopigiliwa misumari, unaelea elea. Kibofu cha mkojo kikijaa kinausukuma juu, unatoka pale kwenye nyonga ambako mionzi inalengwa. Kwa hivo vituo vingi humwambia mgonjwa akojoe, halafu anywe maji kiasi fulani, mara nyingi kama nusu lita, akae nusu saa au zaidi asikojoe, ndo aingie. Fuateni kipimo cha kituo chenu, kila mahali wana chao, lakini muhimu ni kiwe sawa kila siku na kifanane na siku ile walipompiga picha ya kupanga. Siku ya kupanga kibofu kimejaa, siku ya kumi kitupu kwa sababu ameona haya kubanwa mbele za watu, basi utumbo umeshuka na umekaa pale pale panapopigwa. Dada yangu hili ndo uliandike kwa kalamu nyekundu. Wamama zetu wana haya, atakwambia sikunywa maji nisije nikajiaibisha kwa foleni. Mbebee nguo ya kubadilisha na umwambie hata akijikojolea si aibu, akinyamaza ndo hatari.

Na ikiwa matibabu yataangukia Ramadhani, mjue mapema, maji ya kibofu hayangojei futari. Mgonjwa ana ruhusa yake ya kula na kulipa siku zingine, ongeeni na sheikh mnayemwamini kabla, asije akafunga kimya kimya bila kuwaambia, nimeona hilo zaidi ya mara moja.

Kituo kikiwa na mashine mpya ile inayofinyanga miali ifuate umbo la kansa, utumbo unapona zaidi, ulizeni, kuuliza si ukorofi. Na jingine, msijaribu kumtembeza Lamu na Mombasa kila mwisho wa wiki. Boti mpaka Mokowe, halafu basi Witu, Garsen, Malindi, Kilifi, mtu anaharisha na hakuna choo njiani, ataamua asile wala asinywe safari nzima, afike Jumatatu amekauka na Jumatatu ndo siku ya kupimwa damu. Tafuteni jamaa wa kukaa naye Mombasa wiki zote tano kama inawezekana.

Chakula. Watu wataanza kumkataza kila kitu mpaka abaki na uji mweupe. Kuna utafiti wa London wa 2017, wagonjwa 166 wa mionzi ya nyonga, walioambiwa waongeze nyuzinyuzi kwenye chakula walikuwa na hali bora ya tumbo kuliko waliokula kama kawaida yao. Kwa hivo usimnyime mchicha na mbaazi kwa amri ya jirani, angalia tumbo lake lenyewe linasema nini, kikimchafua apunguze, kikikaa ale. Chai ya maziwa ikianza kumsokota mbadilishie ya rangi, maziwa mala wengi wanayaweza. Tui zito na vya kukaanga vipungue wiki za katikati. Samaki wa kuchemsha, wali, ndizi, viazi, madafu sawa, ila dafu halichukui nafasi ya ORS, ile ya pakiti ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, lina potasiamu nyingi lakini chumvi yake ni ndogo.

Halafu kuna vile vya kabatini kwa bibi. Sanamaki na shubiri mwitu, hivi viwili vifungieni kabisa, mana mtu atakuja na nia njema aseme "tumsafishe tumbo litoke sumu ya mionzi". Mionzi ya mashine haiachi sumu tumboni ya kusafishwa, mashine ikizimwa imekwisha. Na sanamaki na shubiri zote mbili ni dawa za kuharisha! Unamharishisha mtu anayeharisha. Habasoda kijiko kimoja kwenye asali sina ugomvi nayo sana, lakini hata hiyo mtajieni daktari.

Kuharisha kukianza, na kwa wengi kutaanza, hapo kuna dawa ya kweli na si ya gharama: loperamaidi, wengine wanaijua kama Imodium. Awe nayo kwenye mkoba kabla ya wiki ya pili, amwambie daktari amuandikie. Kwa kawaida huanza vidonge viwili vya miligramu 2, halafu kimoja kila baada ya choo cha maji, isizidi vidonge vinane kwa siku nzima bila daktari kusema. Pamoja na ORS, pakiti moja kwenye kipimo cha maji kilichoandikwa juu yake, si kwa kukisia na jagi. Lakini akiwa na homa, au choo kina damu, asimeze loperamaidi nyumbani, aende aonekane. Vilevile akitapika asiweze kushika maji, tumbo likimuuma vibaya, kizunguzungu akisimama, au akikaa karibu mchana mzima hajakojoa, usingoje kesho wala usinitafute mimi kwa simu, mpeleke. Na siku hizo za kuharisha sana vile vidonge vya presha pia ulizeni kama visimamishwe kwa muda, msivisimamishe wenyewe lakini ulizeni siku hiyo hiyo. Loperamaidi isiposhika hospitali wana sindano, inaitwa oktreotaidi, kwa hivo asikae kimya akidhani ndo mwisho wa dawa.

Kwa nini nasisitiza hivi. Mionzi ya mlango wa kizazi, ile ya nje ya mashine na ile ya ndani inayowekwa kwa kifaa karibu na mlango wa kizazi wenyewe, zote pamoja, inatakiwa iishe ndani ya wiki 8. Ikivutwa kupita hapo kwa siku za kukosa kosa, nafasi ya kuishinda kansa inapungua. Kuharisha kwenyewe mara nyingi hakumuui mtu. Kinachotokea ni anachoka, anakosa Jumatano, anakosa Ijumaa, wiki inayofuata anasema nipumzike kidogo nirudi Lamu. Basi ndo hivo.

Baadaye, miezi au hata miaka baada ya kumaliza, kuna wachache wanapata shida nyingine, damu kwenye choo, kuharisha kusikoisha, tumbo kuziba ziba. Hiyo ni tofauti, pale mishipa midogo imeziba na nyama imekuwa ngumu kama kovu. Ikitokea msidhani kansa imerudi na mkakaa nayo kwa hofu, wala msinunue dawa za uvimbe, hali hiyo ina matibabu yake, kuna ya kuingiza sukralfeti kwa njia ya haja kubwa, kuna ya kuchoma mishipa inayovuja kwa kamera, na kuharisha kwa nyongo kuna unga wake wa kuikamata. Mradi aseme tu kwamba alipigwa mionzi, maana daktari mpya hawezi kulijua hilo kwa kumtazama usoni.

Nimebaki na magoti, ambayo kwa mama pengine ndo swali kubwa kuliko yote maana ndo yanayomuuma leo. Parasetamoli, vidonge viwili vya miligramu 500, mara tatu kwa siku, kama ini lake halina shida, inamfaa kuliko diklofenaki kipindi hiki. Ila ina hila moja, inashusha homa, na mtu wa kemo homa ni king'ora, kwa hivo nunua kipima joto, apimwe kwanza ndo ameze, ikifika 38 asimeze akalala, aende hospitali. Diklofenaki ya kupaka inaingia kwenye damu kidogo sana ukilinganisha na kidonge, hiyo unaweza kumuuliza daktari akikubali apake magotini. Kitambaa cha maji ya moto, mafuta ya nazi na wewe umkande usiku, hivo havihitaji ruhusa ya mtu. Na vile vidonge vilivyobaki vitoe nyumbani kabisa, usiviache kwenye kopo lake la dawa, maana saa nane za usiku goti likimlilia na wewe umelala, unajua atafanya nini.